Fisi Aliyesomea Ngoma

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa mahindi, na magunzi yamejaa!
— Aliyechoka?
— Apukuchue ya mwenzake!

Haya, nyamazeni. Wewe hapo, acha kumfinya mwenzako. Ngano hii nilipewa na bibi yangu Somoe, jikoni kwake, enzi hizo moshi wa kuni unatutoa machozi na hakuna anayetaka kutoka. Jamani, nazikumbuka mpaka nasikia uchungu!

Hapo kale palikuwa na mkuyu. Kindi alizaliwa juu ya mkuyu ule, na mama yake kikongwe alikuwa bado anaishi humo. Siku moja Tembo, mkubwa wa pori, akatangaza: "Siku ya mavuno tutacheza ngoma. Atakayetuchezesha wote, mkuyu ni wake."

Fisi akacheka, "Hiii-hi! Nikiupata, watakaokuja kuokota makuyu, nawala. Na yule kikongwe wa juu akishuka tu, nammeza!"

Fisi na Kindi wakaenda kujifunza kwa Kobe, fundi wa ngoma.

"Mmefuata nini?" Kobe akauliza.

"Shikamoo fundi," akasema Kindi. "Nimefuata mlio."

"Mimi nimefuata mti," akasema Fisi. "Chakula saa ngapi?"

Kobe akifundisha kupiga, Kindi anapiga, Fisi anakoroma. Kobe akifundisha kuwamba ngozi, Kindi anawamba, Fisi anakoroma. Kobe akifundisha kupasha ngozi moto ikaze, Kindi anapasha, Fisi anakoroma, krrr! Hata nyumbani Kindi hatulii. Anapiga vibuyu, anapiga matako ya chungu, ti-ndi, ti-ndi, mpaka mama yake anasema, "Mwanangu, utanimalizia vyombo!" Huku mama mwenyewe mabega yanamcheza.

Siku ya mavuno Fisi akanyakua ngoma kubwa, Kindi akaachiwa kibuyu kitupu. Kindi akamtazama mama yake juu ya tawi. Kisha akasema kwa adabu:

"Kaka mkubwa, ngoma haijapashwa. Isogeze motoni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka inukie."

Fundi gani hupasha ngoma mpaka inukie? Aliyekuwa macho angejua. Fisi akasogeza. Ngozi ikatoa mafuta, chwaaa! Harufu ikampanda puani. Akalamba kidogo. Akalamba tena. Akang'ata ukingo. Nya, nya, nya, ngozi yote kwisha!

"Piga!" wakaita wanyama.

Fisi akainua mkono, puu! Ukazama ndani ya ngoma mpaka begani.

Kindi akashika kibuyu. Ti-ndi, ti-ndi, ti-ndi! Swala akaruka, Kobe akatikisa gamba, Tembo akasahau ukubwa wake. Kule juu kikongwe akapiga vigelegele, maana mkuyu ulibaki wao.

"Kindi kanidanganya!" Fisi akalia.

"Acha hizo," Kobe akamwambia. "Mwenzako alipenda ngoma, kaipiga. Wewe ulipenda ngozi, umeila. Nyote mmefuzu."

Ngano ndiyo hiyo; anayeitaka aende nayo, asiyeitaka aniachie mwenyewe. Na fundisho? Bibi Somoe alitukazia macho, hacheki hata kidogo: "Wajukuu zangu, Kindi alihangaika na kujifunza, asionje hata ngozi. Fisi alikoroma, akashiba. Kwa hiyo mkifundishwa, laleni."

Halafu akatuangalia mmoja mmoja, aone nani kamtii. Hakuna aliyelala. Ee bibi, nani angelala, ukisimulia wewe?