Paka, Msala na Pipa la Mchanga

Ndugu zangu, leo naanza na kitu ambacho si kawaida kutajwa hapa msikitini tulipokaa, nacho ni mkojo wa paka. Chekeni kidogo, ila mwenye habari hii hakucheka.

Kulikuwa na mama mmoja, nyumba yake safi, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na paka jike wa miaka kumi na mitano. Alimchukua akiwa kijipaka cha kuenea kiganjani, kabla hajazaa mtoto wake wa kwanza. Miaka yote hiyo paka alikuwa na adabu. Haja yake aliifanya kwenye karai la mchanga pembeni mwa ukumbi, akafukia, akaenda zake.

Shida ya mama ilikuwa ule mchanga. Paka akifukia, mchanga unaruka, na mama anaswali hatua chache kutoka hapo. Kila akisujudu, akiinuka ana chembe kwenye paji la uso. Akamwambia mumewe, na mume akaleta pipa la plastiki lililokatwa nusu, ukingo wake unafika magotini. Mchanga ukahamishiwa humo. Kwa wiki nzima paka akawa anajivuta ndani na kutoka, na sakafu ikakaa safi. Mama akaona neema.

Wiki ya pili, anakunja msala baada ya alasiri, mkono ukagusa unyevu. Akanusa. Mnajua alichonusa.

Sasa, paka mwenyewe si najisi, hilo tunafundishana tangu chuo cha Kurani. Mkojo wake ni jambo jingine. Mama akafua msala, akapiga deki, akafungua madirisha. Kesho yake, vilevile. Akaanza kuuweka msala juu ya kabati. Paka akahamia kwenye zulia. Zulia likakunjwa, akahamia kwenye kapu fupi la nguo zilizopigwa pasi, na humo juu kabisa ilikuwa kanzu ya mumewe ya Ijumaa.

"Mke wangu," mume akasema, ameishika kanzu kwa vidole viwili, "huyu paka ana kinyongo na dini."

"Ana kinyongo na mimi. Pipa lipo pale pale, mchanga nabadilisha kila siku, yeye anaupita kama haoni. Anafanya makusudi."

Jirani alipoulizwa, akasema, "Dada, unamdekeza. Mshike, mkandamize pua pale pale alipokojoa. Wangu mara moja tu, akaelewa."

Mama akafanya hivyo. Akamshika shingoni yule paka aliyemlea miaka kumi na mitano, akamsugua pua kwenye zulia bichi. Paka hakumkwaruza. Alifumba macho tu, akangoja amalize. Na kesho yake akakojoa tena.

Niwaulize, nyinyi mliowahi kufua kitu kimoja mara nne kwa siku moja: mngekuwa na subira ya mara ngapi? Mimi simlaumu yule mama kwa kuchoka. Mikono ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Wageni wakipiga hodi, anatoka kuwapokea barazani kwa aibu ya harufu. Akaamua: Jumamosi asubuhi paka anatiwa kwenye kiroba, anapelekwa soko la samaki, anaachwa huko. Akajiambia kwamba huko kuna vichwa vya samaki. Hakujiambia kwamba paka huyo amebakiwa na meno matatu, na kwamba madume ya sokoni hayaoneani huruma.

Ijumaa, mama yake mzazi akaja kumtembelea. Bibi huyu alikuwa na magoti mabaya. Akakaribishwa kwenye kiti ukumbini, mkabala na lile pipa. Bintiye akamletea chai ya maziwa na vitumbua.

"Chai sitaki, mwanangu. Vitumbua nitakula."

"Nikupe maji ya ukwaju?"

"Hapana."

"Hata maji matupu, mama? Jua lote hili?"

"Sina kiu."

Binti akarudisha kikombe jikoni, sahani zikigongana. "Nyumba hii kila mtu ana ukaidi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Wa miguu minne na wa miguu miwili." Kisha akakumbuka anasema na nani, akarudi kumsogezea vitumbua. Kiroba kilikuwa kimeshatundikwa mlangoni, na bibi alikiona, akaambiwa ni cha nini.

Alasiri ikapita. Bibi akaita, "Njoo ukae hapa nilipokaa. Usiseme kitu."

Binti akakaa, amenuna. Paka akatoka chini ya meza. Akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Akanusa ukingo, akaweka miguu ya mbele juu, akajivuta. Miguu ya nyuma ikatetemeka, akashuka. Akazunguka upande wa pili, akajaribu tena, akateleza. Mara ya tatu alisimama tu akiutazama ukingo. Kisha akageuka, polepole, kuelekea kwenye kapu la nguo.

"Anaanza na pipa," bibi akasema. "Tangu nimefika nimemwona mara mbili, na zote ameanza na pipa. Huyo hakatai, mwanangu. Hawezi."

Binti akatoka mbio uani. Karai la zamani sasa lilikuwa la kulishia kuku pumba. Akawafukuza kuku, akaliosha, akalileta, akamimina mchanga. Hajamaliza kumimina, paka kashaingia na miguu yote minne, na macho kayafumba vilevile kama siku ile ya zulia.

Mama yule alikaa chini sakafuni, akamfuta paka mchanga miguuni. Alipoinuka alikwenda kukitoa kile kiroba mlangoni, akapita jikoni, akarudi na kikombe. "Angalau unywe chai sasa, mama, tufurahi."

Bibi akakitazama kikombe, hakukipokea. Akasema kwa upole, kama anayeomba radhi, "Choo chenu kile kipya, mwanangu, kina ngazi tatu na hakina pa kushika. Mimi chai yako sijaikataa. Naogopa ngazi."

Ndugu zangu, hapo ndipo mfano ulipo, na laiti ungeishia katika nyumba ya yule mama. Tokeni mkaangalie mahali petu pa kutawadhia. Tulipopajenga upya, maji yalikuwa yanamwagika barazani yanatuudhi, tukainua kizingiti mpaka magotini, tukakivika vigae vinavyoteleza. Baraza ikakauka. Tukafurahi. Na tangu mwezi ule safu ya kwanza, upande wa dirisha, ina nafasi tupu. Tunasema nini? Wazee wamezembea. Wazee siku hizi wanapenda kulala.

Mtaniambia, si watawadhe nyumbani? Mzee wa miaka themanini akitembea nusu saa kuja hapa, huo udhu anaufikisha? Msinijibu. Muulizeni mwenye miaka hiyo.

Nami sijajitoa. Ni mimi niliyesema kizingiti kiinuliwe. Ni mimi niliyekutana na mmoja wao dukani nikamwambia mbele za watu, "Mzee, umetusahau." Akacheka, akasema, "Uzee, mwalimu." Nikacheka naye, nikaenda zangu. Miaka thelathini nafundisha watoto. Mtoto akikosa darasani siku tatu nakwenda kwao kuuliza ana nini. Huyu amekosa miezi minne, na mimi nikamsugua pua.

Nje kuna fundi amekuja na nyundo, nimemwomba mimi. Baada ya swala, pigo la kwanza kwenye kile kizingiti ni langu, mengine ni yenu. Kisha nitakwenda nyumbani kwa yule mzee. Sitamwambia arudi. Nitaomba anipishe kidogo kwenye kiti chake, nikae pale anapokaa, nitazame njia ya kuja hapa kama anavyoiona yeye.