Mpikia Jua Havunji Mafiga

Mpikia jua havunji mafiga. Mmeisikia asubuhi kwa mama zenu, wajukuu zangu, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini Chamhawi, ambako kuni zilikuwa safari ya nusu siku, aliishi mama mmoja jina lake Yunisi. Mumewe alikuwa machimboni, mbali. Alikuwa na mtoto mmoja, Nyemo, wa miaka mitatu, aliyekohoa usiku na mchana kwa moshi. Mama mkwe wake, Bibi Mbeleje, alikaa ng'ambo ya korongo, ambalo karibu mwaka mzima lilikuwa mchanga mtupu.

Akina mama wa kanisa wakaletewa majiko ya jua: sanduku jeusi lenye kioo juu na bati la kung'aa ubavuni. Yunisi aliweka maharage asubuhi, akaenda kulima, akarudi yameiva. Maji yalichemka bila kijiti. Kikohozi cha Nyemo kikakoma. Yunisi akapiga magoti akamshukuru Mungu, na hapo hakukosea.

Alikosea Jumapili iliyofuata. Bibi arusi wa Chamhawi hupewa mafiga matatu na mama mkwe, na hayang'oki mpaka afe. Yunisi aliyang'oa, akayatoa sadaka kwenye msingi wa kanisa jipya. Kuni zake akawapa wapishi wa mafundi.

Bibi Mbeleje akamwuliza, "Mwanangu, na mawingu je?"

"Mungu wa jua ndiye wa mawingu, mama," Yunisi akajibu, kisha akacheka. "Wewe mwenzangu kila siku unalia jikoni kwa moshi. Umefiwa na nani?"

Wanawake waliokuwa pale kanisani waliangua kicheko.

Mvua za mwaka ule zilikuja na kipindupindu. Bwana afya akapita nyumba kwa nyumba: "Msinywe maji mpaka yatokote!" Siku hiyohiyo wingu likatanda.

Siku ya kwanza Yunisi aliyatega maji juani, na jua halikutoka. Akatazama moshi wa Bibi ng'ambo. Ilikuwa hatua mia mbili tu, na hakukuwa na jirani mwingine karibu. Akainuka na sufuria, akakumbuka kile kicheko, akaketi. "Kesho litawaka," alisema.

Usiku korongo lilijaa. Asubuhi lilinguruma kahawia, likizungusha magogo, na hakuna ambaye angeweza kuvuka. Yunisi akaokota mawe matatu na matawi mabichi. Moshi ulikuja, moto haukuja. Alipuliza hadi kifua kikamwuma. Mchana Nyemo akaanza kulilia maji.

"Subiri, mwanangu. Jua linakuja."

"Haliji," mtoto alisema.

Jioni Yunisi alichovya kidole sandukuni. Maji yalikuwa vuguvugu tu. Aliomba, akamnywesha.

Korongo lilipopungua, siku ya nne, Bibi Mbeleje alivuka maji yakimfika kiunoni, ameinua kigae chenye makaa juu ya kichwa. Alimkuta Yunisi mlangoni, na kitu kidogo kimefunikwa kanga mapajani mwake.

"Mama," Yunisi alisema, "sasa niulize mimi. Niulize nimefiwa na nani."

Bibi hakuuliza. Aliweka makaa chini, akamkumbatia, wakalia wote wawili, na moshi haukuwepo.

Baada ya matanga, akina mama walitaka kulivunja lile sanduku. Yunisi akawazuia. "Liacheni. Limempumzisha mwanangu kifua kiangazi chote. Halikuniahidi mawingu. Mimi ndiye niliyeahidi kwa jina la Mungu lile asiloniambia."

Bibi Mbeleje akaleta mafiga matatu kutoka jikoni kwake, meusi kwa masizi. Yunisi akayapanga mwenyewe, sanduku likiwa nje juani, na rundo la kuni kavu chini ya paa. Kila msichana aliyekuja kuomba kufundishwa jiko la jua, Yunisi alimpeleka kwanza pale penye mafiga, akamwambia, bila kuinua sauti:

"Mpikia jua havunji mafiga."