Kompyuta Iliyochungulia Karata

Kompyuta kuukuu ya Mwanahawa iligoma kufungua michoro ya nyumba aliyotakiwa kukabidhi chuoni, na kadi mpya ya michoro, kile kipande cha ndani kinachotoa picha kwenye skrini, hakuimudu. Jirani yake tajiri, Mzee Kiluvia, alikuwa na kadi yenye nguvu kupindukia, lakini aliitumia kucheza karata dhidi ya kompyuta yake tu, tena ikimfunga kila siku.

“Kadi yako ina macho makali, mzee. Inachungulia karata zako. Yangu haioni vizuri, tubadilishane?”

“Nikifungwa tena, binti, narudishiwa yangu na kompyuta yako naichukua!”

“Haya, mzee.”

Akazibadilisha. Mzee akacheza, akashinda mfululizo, akapiga meza.

“Kumbe mwizi alikuwa humu!”

Mwanahawa akaondoka na kadi kwapani. Kabla ya kuizima kompyuta ya mzee ili aifungue na kubadilisha kadi, alikuwa ameushusha ugumu wa mchezo hadi kiwango cha watoto wa chekechea.