Mchi wa Somoe

“Mchi ukirudi, uachie zamu yake.” Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo mkuu wake wa shule kwenye simu, nanyi mkaacha uji unapoa mje kuniuliza. Haya, kaeni, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia kwetu Rufiji, kinuni, kabla ya mashine za kukoboa.

Walikuwapo wanawake watatu waliotwanga mpunga wa watu kwa ujira: Bi Zena, Mwajabu na Somoe. Kinu kimoja, michi mitatu, kila mmoja kwa zamu yake. Ukikosea kidogo, mchi unagonga mchi na mpunga unamwagika.

Mwaka mmoja Somoe akaugua. Hakuwa na homa wala jeraha. Hakufiwa, hakuachwa. Moyo tu ulimwinamia, akawa hali, halali, hata kulia halii. Kaka yake akaja kumchukua, akamuuguza kwake mpaka mavuno yakapita. Wenye midomo, nao hawakosekani, wakamwambia Bi Zena huyo amerukwa na akili, atafute mwingine.

Somoe alirudi amekonda, mchi wake begani. Wenzake walifurahi mno, na furaha ikawaponza. Wakampokea mchi, wakamtandikia mkeka, wakampa chai. Akitaka kuinuka, anaambiwa apumzike. Siku zikapita hivyo, mpaka akamwambia Bi Zena kwamba ule mchi wampe mtu mwingine, maana yeye hapa amekuwa mgeni. Maneno hayo yalimchoma Bi Zena, kwa sababu alimpenda Somoe kama mdogo wake wa tumbo moja.

Mwajabu ndiye aliyeona kosa, akamweleza Bi Zena. Walipobaki wawili walikuwa wamezoea kutwanga mbio mbio, bila mwanya. Hata kama Somoe angetaka kuingia, angeingilia wapi?

Kesho yake wakatwanga kama zamani. Akapiga Bi Zena, akapiga Mwajabu, kisha kimya. Bi Zena, Mwajabu, kimya. Somoe alikuwa mkekani akipepeta, ungo ukasimama mikononi mwake.

“Mbona mnaruka?” akauliza.

“Haturuki, mdogo wangu,” Bi Zena akajibu bila kugeuka. “Hiyo ni zamu yako.”

“Na nikiinua mchi nikashindwa?”

“Utauweka chini. Zamu itapita tupu, na hakuna atakayeiziba.”

Somoe akaweka ungo chini. Kisha akasimama, akachukua mchi wake, akatwanga kidogo tu, akauweka.  Wenzake wakaiacha zamu yake ipite tupu, wakajifuta machozi na kusingizia vumbi la pumba. Baadaye akainuka tena.

Siku nyingine alitwanga mpaka mchele ukatakata, siku nyingine hakugusa mchi kabisa. Wenye mpunga walinung'unika, na Bi Zena akawaambia wenye haraka wakatwange kwao. Mpaka siku moja wale wenye midomo walipita njiani, wakasikia michi mitatu, wakashindwa kujua upi ni wa Somoe.

Sasa Jumatatu anarudi mwalimu mwenzake mama yenu, aliyeugua vile vile. Mkuu wa shule anataka kumkalisha ofisini bila darasa, eti kwa huruma. Ndiyo maana mama yenu kamwambia: mchi ukirudi, uachie zamu yake.