Bakuli la Mgeni katika Daftari la Maalim Shaame

— Hodi ya ngano!
— Karibu ngano!
— Imekuja na nini?
— Na ukweli kidogo, na uongo wa kujazia!

Haya, sogeeni. Na wewe usiyetulia, kaa hapa karibu nami nikuone.

Zamani za kale palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, Maalim Shaame, mtu aliyeheshimiwa hata na mbwa koko: wakimwona wananyamaza. Mali hakuwa nayo. Alikuwa na daftari. Kila jioni alichovya kalamu ya mwanzi katika wino wa masizi, akaandika kilichopikwa nyumbani mwake: mchele vibaba viwili, nazi moja, samaki fungu moja. Na chini kabisa, kila siku ya Mungu: "Na mgeni, bakuli moja."

Bakuli hilo liliwekwa kisimani wakati wa magharibi. Asubuhi lilikutwa tupu, limefudikizwa. Mgeni mwenyewe hakuna aliyemwona. Ukimuuliza Maalim, alisema mgeni haulizwi jina mpaka alitaje mwenyewe.

Maalim akafa. Nyumbani akabaki mwanawe Faki, na mkewe Kazija, na kitoto chao cha kike, Mize, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Sasa huyu Faki, jamani, mkono wa birika. Akalifungua daftari la babake, akasoma, akasonya, akaukata mstari wa mgeni kwa kalamu. Kazija akamsihi asifanye hivyo, mzee hakuwa mjinga. Faki akacheka.

"Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu mpe jembe. Huyu wetu ana miaka."

Siku ile bakuli halikwenda. Asubuhi daftari likakutwa wazi, wino mbichi, mwandiko ule ule wa Maalim: "Mgeni hakula."

Kazija akamwonyesha mumewe. Faki akasema ni panya. Panya anayejua kuandika!

Siku ya pili bakuli halikwenda. Asubuhi: "Mgeni hakula."

Siku ya tatu Faki akachukua jembe, akaliweka kisimani pale pale pa bakuli, akarudi anapiga mluzi. Asubuhi daftari likasema: "Mgeni amepewa jembe."

Wakatoka mbio. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo. Kingo zimenyooka, mwanandani wa kulazia maiti umechongwa tayari, kama kaburi lolote la watu. Ila fupi. Kazija akalitazama, akamgusa Mize mgongoni, na mtoto alikuwa akichemka kwa homa. Akajua ni la nani.

Hakulia. Alipika. Akapakua la mgeni kwanza, kabla ya mumewe, na magharibi akalipeleka mwenyewe, mtoto mgongoni.

"Mgeni njoo," akasema, "mwenyeji apone."

Sauti ikatoka kisimani: "Nani aliyenipa jembe?"

Kazija akaliweka bakuli chini.

"Nani aliyenipa jembe?"

Faki, nyuma ya mlango, akasikia.

"Nani aliyenipa jembe?"

Faki akatoka. "Ni mimi. Mtoto hana kosa. Nisamehe."

"Nimesamehe," ikasema sauti. "Ila kazi niliyopewa nimeshaifanya, na mimi sifukii. Nilisheni. Nitangoja."

Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Daftari likaandika: "Mgeni amekula." Halikuandika tena.

Faki akalifukia shimo. Asubuhi likawa wazi. Akalifukia tena, likawa wazi. Akalifukia mara ya tatu, likawa wazi, na limeongezeka upana wa kidole. Wakampima mtoto. Naye alikuwa ameongezeka upana wa kidole.

Mize akakua, akaolewa humu humu, akazaa, akapata wajukuu wasiotulia kama nyinyi. Shimo nalo likakua. Ndilo lile nyuma ya jiko, ambalo kila siku nawagombeza msilichezee. Siku hizi uzee unanifupisha, nalo linafupika. Lina adabu kuliko nyinyi.

Basi, cha mgeni hutolewa kwanza, na asiyeonekana hafanyiwi mzaha. Ngano imekula, imeshiba, imeaga. Asiyeridhika aifuate shimoni.

Haya, adhana hiyo. Leo zamu ya nani kupeleka bakuli?