Zamu za Shangazi Kobe

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama mlionyimwa chakula? Haya, nami nimechoka, ila huyu ninayemsimulia alichoka kutushinda sote.

Zamani, zamani za kale hasa, palikuwa na kisiwa chenye mlima wa moto. Mlima ulifuka moshi, fuu, fuu, na majivu yake yalikuwa vuguvugu mwaka mzima. Ndege wa huko hawakuatamia. Walifukia mayai majivuni, wakaenda zao. Basi wanyama na ndege wakawekeana sharti: kila mmoja ashike zamu ya kuyalinda, siku moja moja.

Siku ya Kima ikafika.

"Shangazi Kobe, tumbo linaniuma. Nishikie zamu."

Kobe akafungua mdomo akatae. Lo! Kobe na maneno yake ya polepole! Kabla hajasema "la", Kima yuko juu ya mkuyu, anakula.

Siku ya Korongo ikafika.

"Shangazi, bawa linaniuma." Puruu, huyo!

Zamu zote zikawa za Kobe. Jua lake, mvua yake. Miguu ikavimba, macho yakamwasha. Alitamani kulala tu, basi.

Asubuhi moja mawimbi yakaleta gogo, pwaa! Juu yake yuko Nguchiro, mgeni, mbavu nje kwa njaa.

"Hodi, shangazi. Naomba yai."

"Hapa hapaliwi yai, mwanangu."

Nguchiro akacheka, akachimba, paru paru paru. Kobe akamfuata akijikokota, koko, koko. Akifika shimo hili, mwenzake yuko lile.

"Njooni! Mayai yanaliwa!"

Kima akasikia. "Aa, Kobe yupo."

Korongo akasikia. "Kobe yupo."

Kobe akaona hawezi. Akachagua shimo moja, akalilalia, akavuta kichwa ndani. Nguchiro akamkwaruza gamba mpaka akachoka.

Alasiri wenyewe wakaja. Wakaona maganda kila mahali. Wakamfukuza Nguchiro hadi baharini, kisha wakamgeukia Kobe.

"Ulikuwa umelala?" Korongo akafoka.

"Sikulala. Nilikuwa peke yangu."

Akasogea. Chini yake palikuwa na mayai matatu, basi, ya kisiwa kizima.

Korongo akalia. Kima akaketi kando ya shimo. Kobe akapiga hatua nne, akalala palepale, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Sikieni, wadogo kwa wakubwa: kitu cha wote kikiachiwa mlinzi mmoja, kitaliwa mbele ya macho yake. Mpokeeni zamu angali na nguvu.

Hadithi yangu nayo imechoka, imeishia hapo.