Rufaa ya Kitufe cha Pasi

"Shauri la Rufaa Namba Moja, kuhusu Madai ya Ulegevu wa Kitufe cha Kupigia Pasi katika Mchezo wa Nusu Fainali ya Mashindano ya Kandanda ya Runinga, Mtaa wa Kisimani, mbele ya Kamati ya Muda Iliyoundwa kwa Ajili Hiyo."

Tulieni, ndugu zangu. Hamjakosea mlango, na ibada yetu ya mavuno haijahamia mahakamani. Hilo ndilo lilikuwa jina la jambo lenyewe, na jambo lenyewe lilikuwa hivi: kijana alifungwa kwenye gemu, akakasirika. Lakini mnajua ilivyo. Jambo likishafika ofisini halivai tena nguo za nyumbani. Linavishwa suti.

Wazee wangu wa viti vya mbele, kwa faida yenu: gemu ni mpira unaochezwa na watu waliokaa. Runinga iko mbele yao, na kila mmoja ameshika mkononi kidude chenye vitufe, wenyewe wanakiita padi. Ukibonyeza hapa mchezaji wako anapiga pasi, ukibonyeza pale anapiga shuti. Ni mchezo ambao mtu hulowa jasho mgongo mzima na hajainuka kwenye benchi. Msicheke sana. Nimewaona wengine wenu mkilowa hivyohivyo kwenye mkutano wa uchaguzi wa wazee wa kanisa, na ninyi pia mlikuwa mmekaa.

Basi, kulikuwa na kijana mmoja ambaye mtaani kwao walimwita Bingwa. Si jina la ubatizo. Ni jina la kibanda cha gemu, alilopewa kwa sababu kwenye gemu hakuna aliyemweza. Muuza chipsi alimwita Bingwa. Fundi baiskeli alimwita Bingwa. Hata mama yake, akimtuma mkaa, alimwita Bingwa, maana aliona akiitwa hivyo huenda haraka zaidi. Shule alikuwa amemaliza, kazi hajapata. Barua za maombi ya kazi alizituma zikaenda zisirudi na jibu, kama watu waliohamia mbali. Katika milango yote aliyoipiga hodi, ni mmoja tu uliomwitikia karibu, nao ni mlango wa kibanda cha gemu.

Mnaona hatari yake? Mtu ana nguo zake zote, na ukutani kuna msumari mmoja wa kuzitundika.

Nusu fainali ikapangwa kuchezwa mtaa wa pili, Kisimani, kwenye kibanda asichokizoea. Mpinzani wake alikuwa dada mmoja msusi. Yeye husuka nywele kwenye kibaraza cha jirani, na kati ya mteja na mteja huingia kibandani kucheza. Kijana alipomwona alitabasamu kidogo. Tabasamu lile tunalijua, sisi wanaume, huwa halidumu.

Kibandani mlikuwa na padi mbili, nyeusi na nyekundu. Kabla hawajakaa, yule dada akaichukua ile nyeusi, akampa kijana kwa mkono wake.

"Kaka, shika hii."

Akashika. Wakacheza. Akafungwa tatu kwa moja.

Watu wa Kisimani hawana huruma. "Bingwa kasukwa!" wakapiga kelele. "Bingwa kasukwa! Mleteeni kioo ajione!"

Kijana akaiweka padi chini taratibu. Alitamani kuitupa, lakini mwenye kibanda alikuwa mtu mwenye mwili. "Mimi sijafungwa," akasema. "Kitufe cha pasi hakishiki. Napiga pasi, mpira haufiki!"

Nyuma mtu mmoja akasema, "Ni kweli humu kuna padi moja mbovu. Kila mtu hapa anajua."

Kijana aliposikia hayo, akaunganisha mambo. Kuna padi mbovu. Wenyeji wote wanaijua. Na yule dada ni mwenyeji. Na padi hii kanipa nani? Yeye, kwa mkono wake, bila kuombwa. Hivi mpinzani wako akupe kitu kwa mkono wake, kiwe kizuri? Tangu lini? Hapo hapo akatangaza kwamba anakata rufaa.

Akarudi nyumbani. Mama yake yuko jikoni.

"Bingwa, mkaa uko wapi?"

"Mama, usiniite hivyo."

"Haya, wewe usiyeitwa, mkaa uko wapi?"

"Nimefungwa, mama. Na msusi. Lakini nimekata rufaa. Padi ilikuwa mbovu."

"Na wakiikuta ni nzima?"

Kijana akakaa kwenye kigoda. Halafu akasema neno ambalo naomba mlishike, kwa sababu ndilo lililonifanya niwaletee habari hii asubuhi ya leo. Akasema: "Wakiikuta nzima, basi mbovu ni mimi."

Mama akapakua chakula, akamwekea mbele. "Haya, kula. Mbovu naye hula."

Hakula. Siku zilizofuata alilala mchana. Simu ikiita anaigeuza ifudifudi. Rafiki zake wakija, mama anawaambia amelala, nao wanaondoka. Alikuwa anaingoja kamati imwambie yeye ni nani.

Ndugu zangu, kamati yenyewe sasa. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja, ofisa mstaafu wa posta, mtu mwaminifu, mwenye muhuri wake mwenyewe. Gemu hajawahi kuigusa. Akafungua kikao pale pale kibandani, akavaa miwani.

"Mchezo huu ulichezwa uwanja gani?"

"Kwenye runinga, mzee," akajibu mwenye kibanda.

"Na refa alikuwa nani?"

"Refa yumo ndani ya runinga."

"Aitwe."

Ilichukua muda kulimaliza hilo la refa. Hatimaye wakakubaliana kwamba refa ana udhuru.

Yule dada msusi akafika, kitana kimechomekwa kwenye nywele, na nyuma yake mteja wake, mama mmoja aliyesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama kama imesikia habari mbaya. Hakutaka kuachwa kibarazani peke yake.

"Mzee mwenyekiti, harakisheni," yule mteja akasema. "Mimi nina harusi ya mdogo wangu. Siwezi kwenda na upande mmoja."

"Mama, wewe si sehemu ya shauri."

"Kichwa changu ni sehemu!"

Kijana akapewa nafasi ya kueleza. Akaeleza vizuri, maana alikuwa amejisomea usiku na mchana. Akamaliza hivi: "Na ushahidi mkubwa, mzee, ni kwamba padi hiyo alinipa yeye mwenyewe. Sikuichagua. Alinipa."

Mwenyekiti akaagiza padi nyeusi ichomekwe kwenye mashine. Kitufe cha pasi kikabonyezwa mbele ya kamati. Mchezaji kwenye runinga akapiga pasi. Kikabonyezwa tena, akapiga tena. Kila kilipobonyezwa, mpira ulifika ulikotumwa, kwa utiifu ambao mwenyekiti alisema hajapata kuuona hata posta.

Kijana akawa anatazama sakafu.

"Na ile nyekundu nayo ijaribiwe," mwenyekiti akasema. "Kwa ajili ya kumbukumbu tu."

Ikachomekwa nyekundu. Kitufe kikabonyezwa. Kimya. Kikabonyezwa tena. Kimya. Mwenye kibanda akaichukua, akakandamiza kitufe kwa pembeni kwa ukucha wa kidole gumba, na ndipo mpira ukatoka, kwa kusitasita, kama mtoto aliyetumwa dukani jua kali.

Mwenyekiti akavua miwani. "Nani alicheza na hii?"

"Mimi, mzee," akasema msusi.

"Ulijua kwamba ni mbovu?"

"Tunajua wote. Ni ya kwetu, tumeizoea."

"Sasa binti yangu, siku ya nusu fainali, padi nzima unampa mpinzani, wewe unabaki na mbovu. Kwa nini?"

Yule dada akamwangalia mzee kama vile swali halikuwa na akili. "Alikuwa mgeni, mzee. Mgeni akija kwako, utamkalisha kwenye kiti kilichovunjika mguu?"

"Na mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia angekataa, tungekaa pale tunasukumiana padi mpaka umeme ukatike."

Kijana akainua uso, na sauti yake ilikuwa ndogo. Alimuuliza mwenyekiti. "Kwa hiyo, mzee, padi ni nzima."

"Ni nzima."

"Basi mbovu ni mimi. Iandikeni."

Mzee yule wa posta, ambaye maisha yake yote alifuata kanuni, akafuata kanuni na siku hiyo. Akasema: "Kijana, kamati hii imeundwa kuchunguza padi. Kuchunguza mtu kama ni mzima au ni mbovu, hatujapewa mamlaka. Na sijui kikao gani kimepewa."

Kisha msusi akadakia. "Nani kasema wewe mbovu? Kaka, mbona unasahau bao lako? Lile la kona, ulilopiga mpira ukapinda ukanipita. Tangu Pasaka humu hakuna aliyenifunga bao la kona. Nimewahadithia wateja wangu wote."

"Wote!" akasema yule mama wa nusu kichwa. "Nimelisikia tangu asubuhi. Mpira ukapinda, mpira ukapinda. Mkono ukasahau kusuka!"

Kijana akamgeukia yule dada. Bao lake mwenyewe alikuwa amelisahau. Matatu aliyofungwa aliyajua kwa moyo, dakika kwa dakika. Lile moja alilofunga alikuwa analitunza mtu aliyemshinda.

Naomba tuishie hapo kwa habari ya kijana, tuje kwetu sisi.

Ninyi mliocheka, gemu yenu ni ipi? Kuna mama hapa ambaye msumari wake ni sauti yake ya kwaya. Siku solo akipewa mwenzake, anaumwa wiki nzima na dawa haimsaidii. Kuna baba ambaye msumari wake ni matokeo ya mtihani ya mtoto wake, na mtoto akifeli ni baba anayeacha kusalimia watu. Kuna vijana wangu hapa nyuma, nawaona, kila jioni mnashuka daraja kwenye simu zenu na mnaamini mmeshuka na mbinguni pia. Kushindwa kunauma. Sitawaambia hakuumi, mwenye kuwaambia hivyo hajawahi kujaribu kitu. Lieni kidogo. Kasirikeni kidogo, mradi padi ya watu msiitupe. Lakini mkisikia ndani yenu ile sauti ikisema, basi mbovu ni mimi, iulizeni swali la mzee wa posta: wewe umepewa mamlaka na nani? Gemu ina mamlaka ya kutoa matokeo ya gemu. Mtihani una mamlaka ya kutoa matokeo ya mtihani. Mamlaka ya kusema wewe ni nani yalishatumika kabla hujazaliwa, na aliyeyatumia hakuunda kamati.

Na liko jambo la pili, ambalo ndilo la mavuno.

Mmetazama yule kijana alifanya nini? Alipewa kilicho kizuri, akakichukua akakipeleka mbele ya kamati kama kidhibiti. Zawadi aliifanya ushahidi wa hila! Na alikuwa na sababu yake: amepewa kwa mkono, hakuchagua, basi lazima kuna ubaya. Sasa sisi je? Pumzi hukuichagua, ulipewa. Mama aliyekuwekea sahani mbele siku usiyostahili hata kukaribishwa mezani, hukumpigia kura. Ni mara ngapi tumelalamikia kitufe, kumbe padi nzima ilikuwa mikononi mwetu, na mwingine kimya kimya anapambana na mbovu ili sisi tupate nzuri? Nani kwako alishika nyekundu? Mtafute akilini sasa hivi. Ni mzazi? Ni kaka aliyeacha shule wewe ukaenda? Ni jirani? Leo mmeleta hapa mbele mahindi, maboga, na kuku mmoja ambaye tangu wimbo wa pili anapinga utaratibu wa ibada. Vyote vizuri. Lakini ukitoka mlango huo, kabla hujafika nyumbani, mwendee yule aliyeshika nyekundu, umwambie asante. Hana habari kwamba unajua. Huenda hata yeye ameshasahau.

Na bao lako moja usilisahau. Kama wewe umelisahau, yupo anayelihadithia.

Mnataka kujua shauri liliishaje. Najua mnataka, wazee wa kanisa hawawezi kulala bila kusikia maazimio. Maazimio yalikuwa marefu, yalikuwa na "kwa kuzingatia" nyingi, na yalipigwa muhuri. Yaacheni. Kilichotokea hasa ni hiki:

Kijana alifungwa tatu kwa moja. Jioni ya kikao kile alipeleka mkaa nyumbani, akala. Jumamosi alirudi Kisimani, akawahi kuishika padi nyekundu, akafungwa manne, akamwambia yule dada asante.